Kila Kwaresima mume wangu huacha sigara, kila Pasaka huirudia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni Mtanga, nimeolewa huku Houston, Texas, na mwanamume wa Meksiko, kwao San Luis Potosí. Tulikutana parokiani, misa ya Kiingereza ikitoka na ya Kihispania ikiingia. Ni mume mwema, sina la kumsingizia. Anaamka saa kumi alfajiri kwenda kuezeka mapaa kwenye jua ambalo hata kwetu sijaliona, hela inafika nyumbani, watoto anawapenda. Ugomvi wetu ni mmoja tu, sigara.

Havuti nyingi. Siku za kazi ni sita au saba. Ya kwanza anaiwasha na kahawa ndani ya pikapu, kabla hajatoka kwenye maegesho. Nyingine anavuta kazini na wenzake. Jioni anakaa kwenye kibaraza chetu cha ghorofani, na moshi unarudi ndani kwa dirisha. Jumamosi ndipo hesabu inapotea. Binti yetu mkubwa ana pumu, Shangazi. Usiku akikohoa mimi namwangalia baba yake, baba yake anaangalia ukuta.

Cha ajabu ni kwamba kuacha anaweza. Kila Kwaresima anaacha kwa heshima ya mfungo. Wiki ya kwanza nyumba haikaliki, hata kijiko kikianguka ni kesi. Halafu anatulia, anakula vizuri, anacheka, na mimi nakuwa mjinga naamini safari hii tumepona. Siku ya Pasaka tunakwenda kwa compadre wake, yaani baba wa ubatizo wa huyu binti yetu mkubwa. Mkaa unawashwa uani, nyama inachomwa, bia zinafunguliwa, mmoja anatoa pakiti anaipitisha, na mfungo wote unaishia hapo.

Tunakaa Gulfton, mtaa wa magorofa ya kupanga yaliyobanana, wageni watupu, watu wa Amerika ya Kati, Wameksiko, Wakongomani, sisi. Chini kwenye kona kuna duka, na mwenye duka anamuuzia hata moja moja ingawa nasikia ni kosa. Sheli anayojazia mafuta nayo ina kabati zima la sigara nyuma ya kaunta.

Nimejaribu yote. Nimetupa pakiti chooni. Nimenuna. Mara moja nilimsema mbele ya compadre wake na wanaume wengine, na hilo lilimuuma kweli, hakunisemesha hadi kesho yake jioni. Nikimwambia yeye ni teja wa sigara anajibu, "Mimi si mvutaji, huwa navuta tu." Juzijuzi anasema atahamia kwenye sigara ya umeme ya mnanaa, eti ni mvuke. Daktari hana, bima hana. Kuna zahanati aliwahi kwenda kwa ajili ya mgongo, wakampima, wakampa vidonge, sigara hawakuigusa hata kwa swali.

Dada yangu anayeishi Katy, nje kidogo ya mji, ananiambia tuhamie huko kwa Wazungu maana hawavuti ovyo, na kwamba Walatino wote ndivyo walivyo, nimeolewa na mila yao. Je, tuhame? Na je, nimwambie mama mkwe? Yuko Meksiko, hajui kwamba mwanawe anavuta, na mwanawe anamwogopa kuliko padri.

Mke Mchovu, Houston

---

Marahaba mwanangu, na pole. Pumu ya mtoto haimwachi mzazi alale.

Nianze na dada yako wa Katy, kwa sababu amekupa ushauri mbaya kwa nia njema. Mwaka 2021 CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulika na kudhibiti magonjwa, ilionyesha kwamba katika watu wazima wa nchi nzima, wavutaji wa sigara walikuwa asilimia 11.5. Kwa Wazungu ilikuwa karibu 12. Kwa Walatino ilikuwa chini ya 8. Kwa hiyo ukihamia kwa Wazungu ili uwakimbie Walatino wavutaji, umeruka mkojo ukakanyaga mavi, unisamehe kwa lugha ya Tanga, ninyi ndio mlionifundisha.

Tena hao Walatino si kabila moja. Kuna utafiti mkubwa uliowachukua watu zaidi ya 16,000 wenye asili ya Amerika ya Kilatini katika miji minne, Bronx, Chicago, Miami na San Diego, kuanzia 2008. Wapuertoriko na Wakuba walionekana kuvuta kwa wingi, Wadominikana kidogo sana, na Wameksiko wakawa katikati. Jambo jingine linalojulikana ni kwamba wanawake wa Kilatino waliozaliwa Marekani huvuta zaidi kuliko waliokuja wakiwa watu wazima. Mama aliyelelewa kijijini Meksiko hakuwahi kuiona sigara kama jambo la mwanamke, binti yake aliyesomea shule ya hapo hana breki hiyo. Nakutajia hilo kwa sababu unalea mabinti huko, ukiliweka akilini kwa baadaye halitakudhuru.

Sasa rudi Gulfton uwahesabu watu. Katika ngazi yenu wanavuta wangapi? Parokiani, baada ya misa, wangapi wanasimama nje na sigara? Nina hakika utawakuta wachache. Mume wako anaishi katikati ya maelfu ya watu wasiovuta, ila mwenyewe anaishi na watano. Wenzake wawili watatu wa mapaa, compadre, na labda jirani mmoja wa kibarazani. Mtaa wake halisi ni hao. Ukimpeleka Katy, Jumamosi atapanda pikapu na kuwafuata, na wewe utabaki na kodi ya juu na nyumba ambayo hakuna jirani atakayekushikia mtoto.

Upande mmoja lakini uko sahihi kuhusu mtaa, nao ni lile duka la kona. Hapohapo Houston walifuatwa wavutaji waliokuwa wanajaribu kuacha, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Wale ambao nyumba zao zilikuwa karibu sana na mahali panapouzwa sigara, ndani ya robo au nusu kilomita, walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kudumu bila kuvuta. Hata wewe ungekuwa na arosto ya kitu usiku saa tatu, na kitu chenyewe kiko hatua mia mbili, tena unaweza kununua kimoja bila kujiona umerudia, ungeshuka ngazi. Sheria ya Marekani inakataza kuuza sigara kwa kuvunja pakiti. Biashara hiyo ya moja moja, ambayo mimi na wewe tumeikuta kila kioski nyumbani, huwanasa hasa watu wa aina ya mume wako, wanaovuta kidogo na wanaojiambia kila siku kwamba hii ni moja tu.

Hapo ndipo penye fundo. "Mimi si mvutaji, huwa navuta tu." Usimcheke. Walatino wengi wanaovuta Marekani huvuta chache, chini ya kumi kwa siku, na wengine hawavuti kila siku. Kwa sababu hiyo wenyewe hawajioni kuwa na tatizo, na wahudumu wa afya nao hawaoni. Imeonekana mara nyingi kwamba mvutaji wa Kilatino huulizwa na kushauriwa na daktari kuhusu sigara mara chache kuliko Mzungu, na hutumia dawa za kuacha mara chache zaidi. Ongeza kwamba Walatino ni miongoni mwa wanaoongoza kwa kukosa bima, na Texas ndiyo jimbo linaloongoza nchi nzima kwa watu wasio na bima. Zahanati iliyomtibu mgongo bila kumuuliza imefanya kama zinavyofanya nyingi. Huyu mtu amekuwa akiacha sigara peke yake, kwa nguvu za mfungo, bila dawa na bila mtu hata mmoja aliyesomea jambo hilo. Halafu wewe unamwona mdhaifu. Mimi namwona shujaa aliyetumwa vitani bila bunduki.

Sita au saba ni chache, ndiyo. Lakini umeniandikia kwamba ya kwanza anaiwasha kabla hajatoka kwenye maegesho. Wataalamu wa sigara huuliza swali hilo kabla ya mengine. Anayewasha ndani ya nusu saa tangu aamke, nikotini imemshika, hata kama kwa siku nzima anavuta saba tu. Na ile wiki ya kijiko kuanguka ni arosto, siyo tabia yake. Mwili ukinyimwa nikotini huwa na hasira, usingizi hukatika, akili hairudi mahali pake, na siku mbili tatu za kwanza ndizo kali. Baada ya wiki mbili hadi nne hali hiyo huwa imepungua sana.

Sasa piga hesabu yako ya Kwaresima. Pasaka inapofika, arosto ya mwili imeshaisha zamani. Kilichomrudisha ni uani kwa compadre. Ndugu zetu Waislamu hapo kwenu Tanga wanaijua hadithi hii, mvutaji anashinda mchana kutwa wa Ramadhani hana neno, futari ikiisha na barazani pakajaa, mkono unakwenda wenyewe mfukoni. Mfungo una mwisho unaojulikana, na mume wako anaishi akiungojea huo mwisho. Pasaka kwake ni ruhusa. Kwa hiyo safari hii asiache kwa Kwaresima. Achague siku ya kawaida kabisa, Jumanne isiyo na mtakatifu yeyote, siku ambayo haina sherehe ya kuifunga.

Kabla ya Jumanne hiyo apige simu. Kuna namba ya bure kwa Kihispania, 1-855-335-3569, ambayo Wamarekani huiandika 1-855-DÉJELO-YA. Anayepokea ni mshauri wa kuacha sigara, anazungumza Kihispania, na atampangia mambo yake hatua kwa hatua. Aulize pia kama kwa jimbo lake anastahili kupata dawa bure. Wewe ukitaka kuuliza kwa Kiingereza, piga 1-800-QUIT-NOW. Lakini apige yeye. Ukimpigia wewe na kumwekea simu sikioni, umeshaharibu.

Dawa zenyewe si ngeni. Plasta ya nikotini inauzwa duka la dawa bila cheti, unaibandika mkononi au kifuani asubuhi, kesho yake unabadili mahali ili ngozi isiwashe. Anayevuta kumi au chini ya kumi kwa siku huanza na ya miligramu 14 kwa wiki sita, kisha ya 7 kwa wiki mbili. Juu yake anaweza kutumia chingamu ya nikotini pale hamu inapompanda ghafla, na kwa kuwa huwasha mapema asubuhi, kipimo kinachoelekezwa ni miligramu 4. Haitafunwi kama bigijii. Anaitafuna polepole mpaka asikie ukali, kisha anaibana kati ya ufizi na shavu, ukali ukiisha anaitafuna tena. Wanaume wengi huitafuna kama mbuzi, wanapata kwikwi na kichefuchefu, halafu wanasema dawa haifai. Plasta na chingamu kwa pamoja hufanya kazi vizuri zaidi kuliko kimoja peke yake. Ipo pia dawa ya vidonge iitwayo vareniklini, hiyo inataka cheti cha daktari, na vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato vinaweza kumwandikia hata bila bima. Kama ana ugonjwa wa moyo au presha, amwone mtu huko kituoni kwanza kabla ya yote haya.

Sigara ya umeme ya mnanaa aiache dukani. Hakuna hata moja iliyoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani kuwa njia ya kuacha sigara, na mnanaa kazi yake ni kulainisha koo ili nikotini ipite bila kukwaruza.

Baada ya hapo, mzungushie njia nyingine. Kahawa itoke nyumbani kwenye chupa, tena ainywe jikoni na wewe kabla hajashuka, hata kama ni saa kumi na wewe una usingizi. Mafuta alipie kwa kadi palepale kwenye pampu, asiingie ndani kwenye kabati lile. Pikapu ioshwe na kupigwa dawa ya harufu, kiberiti na kisahani cha majivu vitoke. Kwenye kibaraza ondoa kiti chake, panda pilipili, laza baiskeli ya mtoto, lolote, ilimradi pasikalike kwa wiki chache. Kazini ni pagumu zaidi. Kwenye mapaa mapumziko ni ya mvutaji, asiyevuta anaambiwa ashike nyundo. Mfungie mbegu za alizeti, mkono na mdomo vipate kazi, na amwambie mapema mwenzake mmoja, yule anayemwamini, kwamba asimpe hata akiomba.

Sasa compadre. Wewe umemfanya adui, na mimi ningemfanya mlinzi. Huyu ndiye aliyesimama kanisani akaahidi kumlea binti yako, na binti huyohuyo ndiye mwenye pumu. Kwa Wameksiko ahadi hiyo si ya picha. Compadre ni ndugu wa hiari, na kuna mambo mwanamume atayapokea kwake ambayo kwako hatayapokea. Lakini usiende wewe. Mume wako aende, wawili tu, mezani na kahawa, wasikutane uani penye bia. Aseme: mtoto wako wa ubatizo hapumui usiku, nimeamua kuacha, naomba mwezi mmoja uani kwako pasivutwe nikiwepo. Kama compadre ni mtu, atakubali, na huenda akaacha naye. Kama atacheka, basi Jumamosi za mwezi huo nyama ichomwe kwenu, na waalikwe wale wasiovuta, ambao tumeshakubaliana kwamba ndio wengi. Bia nayo ipungue kwa mwezi huo. Sigara nyingi za watu wanaojiita wavutaji wa kijamii hufuata chupa.

Na hapo ulipomsema mbele ya wanaume, kamwombe radhi. Najua ulikuwa na haki. Mwombe tu, siku moja kabla hujamletea habari za simu na plasta, kwa sababu mwanamume aliyeaibishwa mbele ya wenzake ataendelea kuvuta ili kuonyesha kwamba hatawaliwi. Kutupa pakiti chooni nako kukome. Anakwenda kununua nyingine, mmepoteza hela mara mbili, na bomba la choo analizibua nani?

Kuhusu jengo lenu, tangu 2018 nyumba za kupanga za umma Marekani haziruhusu kuvuta ndani, lakini magorofa ya watu binafsi kila mwenye nyumba ana kanuni zake, na jimbo la Texas halina sheria moja ya moshi kwa jimbo zima. Jiji la Houston lilizuia kuvuta kwenye migahawa na baa mwaka 2007, ndiyo maana wavutaji wako uani na kwenye vibaraza. Wewe na akina mama wengine watatu wanne wenye watoto wa pumu mnaweza kwenda ofisi ya majengo na kuomba vibaraza viingizwe kwenye kanuni. Wakikataa hamjapoteza kitu. Mpaka hapo, dirisha la kibarazani lifungwe, na akitoka kuvuta abadili shati kabla ya kumbeba mtoto, maana moshi hukaa kwenye nguo.

Akiteleza, na huenda akateleza, usihesabu kwamba amerudi mwanzo. Plasta isibanduliwe, chingamu iendelee, na siku hiyohiyo apige tena namba ileile. Hajafika arobaini, nadhani, kwa jinsi unavyomwandika. Mtu anayeacha kabla ya umri huo hujiondolea karibu asilimia 90 ya hatari ya ziada ya kufa kwa magonjwa ya sigara, na hilo ningependa alisikie kwa mshauri wa simu, kwa Kihispania chake, kuliko kwako.

Mama mkwe usimwambie. Mkwe wa kigeni akimpigia mama mkwe simu ya mashtaka, hata kama ana ushahidi wa video, yeye ndiye atakayekuwa na kesi, tena kesi ya miaka. Hiyo hofu anayomwogopa mama yake ni mtaji, usiutumie leo. Akishapita miezi mitatu bila moshi, mwambie ampigie mwenyewe, amwambie mama, nilikuwa navuta, nimeacha. Kama atathubutu kuyasema hayo, sidhani atathubutu kurudia.

Shangazi